Kibao Namba Kumi na Saba

Wajukuu zangu, na ninyi vijana wengine mtakaosoma haya baada ya Neema kunichapia, mimi shule sikwenda mbali. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nusu yake nilikuwa shambani kwa mama nachuma pareto. Kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, ipiteni hivyohivyo, kama mnavyoipita barabara ya kwetu wakati wa masika.

Neema ni mjukuu wangu, mwalimu, tunakaa wote hapa Mbeya, nyuma ya soko la Mwanjelwa. Kazini kwao walipewa vile vidude vya kioo, vishikwambi. Juzi alikiacha chake mezani. Mimi natoka kuosha mboga, mikono inachuruzika, nikainama kuchukua kisu. Tone la maji likadondoka juu ya kioo.

Kile kitu kikaanza kuandika chenyewe.

Ikaja herufi moja. Ikaja nyingine. Picha ikafunguka, ikajifunga. Halafu herufi tena, zimerukana, hazisomeki, kama kuna mtu upande wa ndani wa kioo anapapasa kutafuta pa kutokea. Hapakuwa na kidole. Niliona kwa macho yangu mawili, saa nne asubuhi, jua linawaka.

"Neema! Njoo uone, kinaandika!"

Neema akaja, akakifuta kwa upindo wa gauni, akacheka. "Bibi naye! Ni maji tu hayo. Kinadhani ni kidole."

"Maji kinadhani ni kidole. Na kidole changu je, kinadhani ni nini?"

Maana hapo ndipo tunapogombana mimi na hicho kioo. Nikikigusa hakinisikii. Nagonga, nasugua, kimya. Vidole vyangu vimekauka, ngozi imekuwa gome, pareto na jembe na miaka. Neema ananiambia, "Lamba kidole kidogo, Bibi, ndiyo kitakubali." Nikamwuliza, nilambe kidole ili kioo kiamini kwamba niko hai? Akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana. Tone la maji lisilo na mtu kinaliitikia mara moja, na mtu mzima mwenye roho yake amesimama pale anagonga, hakimjui. Nilishawahi kuona jambo kama hilo zamani. Tena safari ile asiyemjua mtu hakuwa kioo. Nilikuwa mimi.

Ndiyo nimeamua kuwaandikia. Ni habari ya tundu moja nililokatazwa kuchomeka waya, nikatii, na ya mtu aliyekuwa akingoja upande wa pili wa waya huo wakati mimi natii.

Nilikuwa opereta wa simu Iringa, mwanzo wa miaka ya sabini. Msidhani ofisi kubwa. Ilikuwa swichibodi ndogo ya mashamba, chumba kimoja nyuma ya ghala la tumbaku. Mali ya nani, siandiki, wenyewe wameshatangulia. Nilikwenda pale kufagia. Mjomba alinitoa Mbeya akisema nina mwili wa kazi, maneno ambayo msichana hapendi kuambiwa, lakini tuyaache.

Swichibodi ni kama kabati la mbao limesimama mbele yako. Lina matundu, kila tundu ni shamba moja, na juu ya kila tundu kuna kibao kidogo cha chuma chenye namba. Mtu wa shambani akitaka kuongea anazungusha mkono wa simu yake, kama anavyosaga kitu. Umeme unakuja na waya, kibao chake kinaanguka, tak! Wewe unachomeka waya kwenye tundu lake, unasema, "Nambari, tafadhali?" Anakutajia, unachukua waya mwingine, unamwunganisha. Basi. Kusema ni rahisi.

Aliyenifundisha ni Dada Anyosisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kanisani. Alikuwa akifuma sweta muda wote, mikono miwili kwenye sindano, na bado hakuna kibao kilichoanguka kikamngoja. Aliniona siku moja nafuta vumbi kwenye ile bodi huku naangalia dirishani, na kitambaa changu hakikugusa hata waya mmoja. Akaniita.

"Gwe, ulikuwa unafanya kazi gani kwenu?"

"Kuchuma pareto, dada."

"Unachuma unaangalia?"

"Hapana. Ua lililokomaa linajulikana kwa kidole."

Akaweka sindano chini. "Ufagio mpe mwingine."

Siku za kwanza alinifunga kitenge kutoka shingoni mpaka ukingo wa bodi, mikono yangu ikawa inafanya kazi chini ya kitenge kama panya. "Macho ni ya vibao," alisema. "Mikono ijitafutie yenyewe." Na kweli ilijitafutia. Kila tundu lilikuwa na pete ya shaba, na kila pete na tabia yake. Namba tano ilikuwa na pengo kama jino lililovunjika. Kumi na mbili ilicheza. Kumi na saba ilikuwa na mkwaruzo wa mlalo, kama kovu. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile kovu kwa ncha ya kidole.

Sasa kwenye kioo cha Neema mtajua vipi mko wapi? Hakina pengo, hakina kovu, hakina ukingo. Pote ni palepale. Lazima ukitumbulie macho kila saa kama mtoto mgonjwa. Ukigeuka kidogo umeshampigia usiyemtaka. Sisemi sisi hatukukosea. Mimi nilishawahi kumchomeka padri baa, naye alitaka duka la kuagizia divai ya misa. Nilipogundua nikarudi mbio kumwomba radhi, nikakuta wameshaelewana vizuri tu. Lakini lilikuwa kosa langu na niliona nilipokosea. Kioo hakikwambii.

Jambo la pili alilonifundisha Dada Anyosisye ndilo kubwa. Kibao kikishaanguka, kichuma kilicho nyuma yake kinaendelea kutetemeka kadiri mtu anavyozungusha. Ukiweka kidole pale unausikia mkono wake. Daktari wa misheni alizungusha mara moja, ndefu, kisha kimya, mtu asiyetaka kujirudia. Mhindi wa mashine ya kusaga alisaga simu kama mahindi. Mama mmoja wa shamba la maziwa, ukimsikia unajua leo wamegombana na mumewe. Hatukuhitaji kuuliza ni nani. Mkono ulikuwa umeshajitaja.

Na namba kumi na saba ilikuwa na mkono wake. Mbili fupi. Inapumzika. Halafu moja ndefu, taratibu, imenyooka. Ndipo inafuata sauti nzito, "Halo, opereta, habari za asubuhi?" Huyo alikuwa Mgiriki mmoja mwenye shamba la tumbaku njia ya Idodi, watu wakimwita Bwana Miwani. Mkono ule wa adabu tuliupenda. Dada Anyosisye alikuwa akisema mtu anayezungusha simu hivyo hawezi kuwa mbaya moyoni.

Bwana Miwani akafa. Moyo ulisimama, akiwa kwenye bani, lile jengo la kukaushia tumbaku. Sisi tulijua kabla ya mji, maana simu za kumwita mwanawe zilipita mikononi mwetu. Mwana akaja, akamzika hukohuko shambani, akafunga nyumba, akaondoka. Tukaambiwa wafanyakazi wote wametawanyika. Laini ilitakiwa kukatwa, lakini mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya kule ilikuwa matope matupu, kwa hiyo fundi wa laini, Chengula, akaahirisha.

Ikapita kama miezi miwili.

Jumatatu moja asubuhi ukungu ulikuwa mzito, ule wa Iringa unaoingia mpaka chini ya mlango. Tumewasha taa mchana. Dada Anyosisye anafuma, uzi mwekundu. Mara, tak.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Kidole kikapita kwenye lile kovu wakati nachomeka, na hapo ndipo nikajua nimechomeka wapi. Kichuma kilikuwa bado kinatetemeka. Mbili fupi. Kikapumzika. Moja ndefu, taratibu, imenyooka.

"Nambari, tafadhali?" Nilisema kwa mazoea tu.

Hapakujibiwa. Lakini hapakuwa kimya. Palikuwa na saa ya ukutani, tik, tik, tik. Ubao ulilia kama mtu amehamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Kuku akatembea, kucha zake kwenye sakafu ya mbao, ndani ya nyumba iliyofungwa. Na kitu kinapumua, mbali kidogo na simu, kinangoja.

"Nambari?"

Kikangoja.

Dada Anyosisye alikuwa ameshasimama. "Nani?"

"Kumi na saba."

Alichomoa waya kwa nguvu mpaka bodi ikacheza. Akanigeukia. "Umesema nini naye?"

"Nimeuliza nambari tu, dada."

"Kwenu hamkufundishwa?"

Tulifundishwa. Nadhani na ninyi mmeambiwa na bibi zenu, ingawa siku hizi mnaitikia kila kinacholia. Ukisikia unaitwa na humwoni anayekuita, usiitike. Aliye hai atakuja mpaka mlangoni. Asiye hai anataka kiitikio chako tu, akikipata ameshapata njia. Sasa hebu tuangalieni sisi wawili pale: tunalipwa kuitikia watu tusiowaona, kutwa nzima, na tumelelewa kutowaitikia. Siku zote tulipita katikati bila kujiuliza, kwa sababu mikono ya watu tuliijua. Na huu tuliujua. Ndiyo ulikuwa ubaya wake.

Dada Anyosisye akakata uzi mwekundu kwenye sweta, akauzungusha kwenye pete ya kumi na saba, akafunga fundo. "Hapa hapachomekwi," akasema. "Kikianguka, kinyanyue kwa kidole gumba, nyamaza."

Kikaanguka tena kabla ya saa sita. Na alasiri mara mbili. Jumanne kilianguka sikumbuki mara ngapi. Mbili fupi, pumziko, moja ndefu. Nilikinyanyua kwa kidole gumba, nikanyamaza. Kila nilipokinyanyua kilikuwa baridi. Usiniulize chuma kingekuwaje na baridi ile, nakwambia nilivyohisi. Chengula alikuja kunywa chai, tukamwambia. Yeye Mkinga, mtu wa kutania. Akasema ni unyevu, maji yameingia kwenye waya, waya ukilowa unapiga wenyewe.

"Maji yanajua kupumzika katikati?" Dada Anyosisye akamwuliza.

Chengula akamaliza chai bila utani mwingine.

Jumatano asubuhi kikaanguka. Nilipotaka kukinyanyua nikaacha kidole pale, sijui kwa nini. Labda uchovu wa kuogopa. Mbili fupi, lakini ya pili ilikuja kwa kuchelewa. Pumziko lilikuwa refu mno. Ile ndefu ikaanza, ikakatika njiani, ikaanza tena, ikaisha kidogokidogo kama gurudumu linaloachwa.

Nikasema, "Dada, amechoka."

"Nani kachoka?"

"Huyu. Jumatatu hakuwa hivi. Weka kidole."

Hakutaka. Nilimshika mkono, mkubwa wangu kazini, nikauweka pale kwa nguvu. Kikaanguka tena, akakisikia kile kichuma kinavyojikokota. Akafumba macho.

"Dada, mfu anachoka?"

Ukungu ulikuwa dirishani. Alichukua mkasi wa kufumia, akakata ule uzi.

Nikachomeka. Saa, tik, tik. Kuku. Halafu sauti ya mzee, mbali na simu, inaongea Kihehe chumba kingine, polepole, kama anambembeleza mtu alale. Nilipiga kelele, "Halo! Baba! Njoo kwenye simu!" mpaka wa ghalani wakachungulia. Yule mzee akaendelea kuongea na mtu wake. Hakunisikia hata kidogo.

Chengula alinipakia kwenye Land Rover ya laini, Dada Anyosisye akabaki na bodi. Tulisukuma gari mara tatu. Mto mmoja ulikuwa umeshuka siku hiyohiyo, tukavuka maji yakigonga mlango. Tulifika alasiri. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli. Wa jikoni ulikuwa wazi.

Sebuleni viti vyote vilikuwa vimefunikwa mashuka meupe. Na mezani, simu. Kile cha kusikilizia hakikuwa mahali pake. Kilikuwa kimelazwa juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, sehemu ya kushika imeelekezwa kwenye kiti kitupu, kama unavyompangia mtu kijiko. Nikasema basi, ndiye, na tumemfuata wenyewe.

"Kamwene," sauti ikatusalimu nyuma yetu.

Alikuwa mzee mfupi amevaa kanzu nyeupe ya mpishi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Jina lake Mzee Mgovano. Alikuwa mpishi wa Bwana Miwani tangu ujana, na mwana wa Mgiriki alimwacha alinde nyumba, yeye na mkewe. Hakuna aliyekumbuka kutuambia. Mkewe alishikwa na kichomi Jumapili. Mto ulikuwa umejaa, na hakuwa na wa kumwachia mgonjwa ili atembee kutafuta mtu. Akaiendea simu.

Alitupeleka chumba cha nyuma. Bibi yule alikuwa amelazwa kwenye mkeka, amefunikwa shuka jeupe kama vile viti. Alikuwa ameondoka jana yake jioni. Jumanne. Asubuhi ile tulipomsikia mzee akiongea, alikuwa anaongea naye hivyohivyo, ameshakufa.

Chengula alivua kofia. Akauliza, kwa sababu mtu ukikosa la kusema unauliza lisilofaa, "Sasa mzee, simu ulipiga, mbona hukusema kitu?"

Mzee Mgovano alimwangalia kama hakuelewa swali. "Kusema ni kazi ya Bwana," akasema. "Mimi kazi yangu kuzungusha. Nazungusha, naweka hapo mezani, nasimama pembeni. Miaka yote ndivyo tulivyofanya. Nikizungusha, ninyi mnajua watu wa huku wana haja."

Mnaelewa, wajukuu? Ule mkono wa adabu, mbili fupi, pumziko, moja ndefu, haukuwahi kuwa wa Bwana Miwani hata siku moja. Tuliusikia mkono wa mpishi, kisha tukasikia sauti ya bwana, tukaunganisha. Tulimwogopa mfu kwa mkono wa mtu aliye hai.

"Na leo asubuhi, baba?" nikamwuliza. "Mama alikuwa ameshapumzika. Leo ulikuwa unataka nini?"

"Leo nilizungusha polepole," akasema, "ili mjue hakuna haraka tena. Msije mkaharakisha mkafia mtoni kwa ajili yetu."

Halafu akaniangalia mimi, maana alishaitambua sauti yangu, aliisikia ikitoka mezani Jumatatu, nambari, nambari, akangoja tutume mtu. Akaniuliza bila hasira. Angekuwa na hasira ningelibeba swali lile vizuri zaidi.

"Kwani hamkunijua?"

Nikasema, "Mkono tuliujua, baba."

Tulimzika mkewe kesho yake, mimi na Chengula na watu wa kijiji cha jirani. Nilifanya kazi kwenye ile bodi mpaka ilipokuja mashine na kututoa, na Dada Anyosisye hakuwahi kumaliza lile sweta. Kuhusu laini ya kumi na saba, ilikatwa mwezi uliofuata. Mzee Mgovano alipelekwa kwa mwanawe. Tundu lilibaki, na kovu lake.

Neema anasema kioo hiki ni bora, mtu yeyote anaweza kukitumia. Labda. Lakini kinamfanya kila mtu awe na mkono mmoja. Ukigonga kwa hasira, ukigonga unakata roho, upande wa pili inafika herufi ileile. Nikifa leo akachukua mwingine simu yangu akawaandikia, mtaitikia tu. Wala hamtasikia kuchoka.

Na kile kishikwambi bado kinajigusa maji yakidondoka. Najua ni maji. Nimeelezwa, nimeelewa, si mjinga kiasi hicho. Lakini Neema akitaka kukifuta namshika mkono kwanza. Nainama juu ya kioo, herufi zinarukaruka bila mtu, nasema, "Nambari, tafadhali?"

Halafu nangoja kidogo, kwa ajili ya yule asiyejua kwamba inabidi aseme.